Kutoka Kitandani hadi Usukani: Tiba Kazi kwa Madereva wa Bulyanhulu

Katika eneo la Bulyanhulu, kuendesha chombo cha moto ni ajira kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mgodi wa dhahabu wenye jina hilo, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2001 na ambao leo uko ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga, huchimbwa chini kwa chini. Shimo lake la wima limeshuka zaidi ya mita 1,000. Huko chini, mwamba, vifaa na wafanyakazi husafirishwa kwa mitambo na magari yanayopita katika njia nyembamba, zenye giza na mteremko. Juu ya ardhi, Kakola na Bugarama zina bodaboda, bajaji na yale magari madogo ya abiria ambayo watu wa Kanda ya Ziwa huyaita michomoko. Anayetoka hapo kuelekea kusini hufika Kahama, mji ambao malori yaendayo Rwanda na Burundi huupita usiku na mchana; anayeelekea upande wa ziwa huingia mkoa wa Geita, ambako dhahabu imeleta pilikapilika zile zile.

Kwa hiyo mtu wa huku anapopatwa na kiharusi, anapoumia kichwa katika ajali ya pikipiki, au anapokatwa mguu baada ya kuangukiwa na kifusi katika shimo la wachimbaji wadogo, kinachomkosesha usingizi wodini ni siku atakayorudi kazini, na kazi yenyewe ni usukani. Aghalabu swali hilo halina mwenyewe hospitalini. Daktari wa mifupa hutazama picha ya eksirei na kuridhika kwamba mfupa umeunga. Daktari wa magonjwa ya ndani hutazama shinikizo la damu. Mtaalamu wa fiziotherapia humsimamisha mgonjwa na kumtembeza hadi mwisho wa korido. Siku ya kuruhusiwa, mgonjwa hupewa dawa na tarehe ya kliniki. Uamuzi wa kuendesha huachwa kwa watu watatu wasio na kipimo chochote mkononi: mgonjwa mwenyewe, ndugu wanaofurahi kumwona anatembea, na mwenye chombo anayesubiri hesabu ya kila siku.

Ipo taaluma ambayo kazi yake ni kuliziba pengo hilo. Ni tiba kazi. Jina lake hupotosha, kwa kuwa wengi hudhani ni tiba ya kuwashughulisha wagonjwa kwa kusuka mikeka na kushona vitambaa. Ni kweli kwamba taaluma hii, iliyopata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, ilianza kwa kazi za mikono za aina hiyo. Lakini msingi wake ni mpana zaidi: kuchunguza shughuli ambayo mtu anahitaji kuifanya katika maisha yake, kuivunja katika vitendo vidogo vidogo, kubaini ni kitendo gani kimeharibiwa na maradhi, kisha ama kukifundisha upya, ama kubadili kifaa au mazingira ili kitendo hicho kifanyike kwa njia nyingine. Kwa mama anayepika, shughuli hiyo ni kuinua sufuria. Kwa dereva, ni kuendesha. Nchini Tanzania wataalamu wa fani hii wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, kwa miongo kadhaa, ingawa idadi yao ni ndogo mno ikilinganishwa na mahitaji, na wengi wao hufanya kazi katika hospitali kubwa za mijini. Mgonjwa wa Kakola akihitaji hospitali ya rufaa ya kanda, safari yake ni hadi Bugando, Mwanza.

Mguu unavyoweza kudanganya

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kupima utayari wa dereva kwa kutazama viungo vyake. Anayechechemea huzuiwa, anayetembea vizuri huruhusiwa. Kiharusi kinaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyoweza kupotosha, na ugonjwa huu si mgeni nchini. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba viwango vya kiharusi jijini Dar es Salaam, baada ya kusawazishwa kwa umri, vilikuwa karibu wagonjwa wapya 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali wilayani Hai vilikuwa karibu 109. Wengi wa wanaopona hubaki na udhaifu wa upande mmoja wa mwili.

Wachukuliwe madereva wawili wa mfano. Wa kwanza amepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wake wa kulia ni dhaifu, na maneno hayamtoki sawasawa. Kila anayemwona husema huyu hataendesha tena. Wa pili ameathirika upande wa kulia wa ubongo. Udhaifu uko kushoto, mazungumzo yake ni mazuri, na mguu wake wa kulia, ambao ndio wa mafuta na breki, una nguvu zote. Magari mengi madogo yaliyojaa barabarani yametoka Japani yakiwa yametumika. Mengi ni ya otomatiki, hayana klachi, na hata mkono wa indiketa uko upande wa kulia wa usukani. Ni kana kwamba gari hilo limetengenezwa kwa ajili yake. Ndugu humkabidhi funguo wakiamini kuwa Mungu amewahurumia.

Hata hivyo, ni huyu wa pili anayepaswa kutiliwa shaka zaidi. Upande wa kulia wa ubongo una kazi kubwa katika kuelekeza umakini, na ukiharibika mgonjwa anaweza kuacha kuutambua upande wake wa kushoto. Macho yake ni mazima. Taarifa za upande huo huingia machoni lakini hazipewi uzito, kama mtu anayeitwa katikati ya kelele asigeuke. Baya zaidi, mgonjwa mwenyewe hajui kwamba kuna kitu kimekosekana. Akiulizwa, atajibu kwa dhati kabisa kuwa anaona vizuri. Na kwa kuwa Tanzania huendeshwa upande wa kushoto, upande anaousahau ndio wenye watoto wanaotoka shule, akina mama wenye ndoo kichwani, waendesha baiskeli waliobeba mkaa na bodaboda wanaongoja abiria. Barabara ya vumbi haina njia ya waenda kwa miguu. Kila asiye na gari hutembea ukingoni.

Yule wa kwanza, kwa upande wake, huenda anaiona barabara nzima na kutambua hatari kwa wakati. Tatizo lake ni mguu, na tatizo la mguu lina ufundi wake: liko gari ambalo pedeli ya mafuta huhamishiwa kushoto, na usukani huongezewa kishikio kinachouwezesha mkono mmoja kuuzungusha. Haina maana kwamba kila mwenye udhaifu wa kulia yuko salama. Maana yake ni kwamba jicho la ndugu, na hata jicho la daktari mwenye haraka, haliwezi kutofautisha.

Dalili nyingine huonekana nyumbani kabla ya hospitali. Mgonjwa anayekula ugali na mboga za upande wa kulia wa sahani na kuziacha za kushoto, anayenyoa shavu moja, anayegonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, au anayemjibu aliyekaa kulia tu ilhali wageni wamekaa pande zote, hapaswi kupewa chombo cha moto kabla ya kupimwa. Mke, mama au kaka anayemhudumia huyaona haya kila siku. Ni vyema ayaeleze kliniki hata asipoulizwa.

Kupima bila kumwonea mtu

Uchunguzi wa tiba kazi kwa dereva hufanyika kwa sehemu mbili, ya mezani na ya barabarani. Mezani hupimwa uwezo wa kuona, hasa upana wa eneo linaloonekana pande zote mbili. Kazi hiyo yaweza kuanza kwa vidole vya mpimaji tu, vikichezeshwa pembeni mwa macho ya mgonjwa anayetazama mbele. Hupimwa shingo, kwa sababu asiyeweza kugeuza kichwa hawezi kuingia barabara kuu kwa usalama. Hupimwa nguvu, hisia za unyayo, na kasi ya kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Kasi hiyo si jambo la urembo: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyechelewa kwa nusu sekunde amesogea mita 11 zaidi kabla breki haijaguswa, na mita 11 ni upana wa barabara na ziada.

Sehemu ngumu ni kupima akili ya uendeshaji: umakini, kumbukumbu, uamuzi na uwezo wa kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja. Jaribio mojawapo linalotumika sana duniani humtaka mgonjwa aunganishe kwa kalamu namba na herufi kwa zamu, kutoka 1 hadi A, kutoka A hadi 2, kutoka 2 hadi B, huku saa ikihesabu. Kwa karani mstaafu ni mchezo. Kwa dereva wa lori aliyeishia darasa la nne na ambaye tangu hapo ameshika usukani miaka 25 bila kushika kalamu, jaribio hilo hupima shule aliyoikosa kuliko ubongo alionao. Kumnyima mtu riziki kwa kipimo cha namna hiyo ni dhuluma hata kama imeandikwa kwa kalamu ya kitaalamu. Yapo majaribio yanayotumia rangi badala ya herufi, na mtaalamu mwenye busara hawezi kukosa cha kutumia: nati na bolti za saizi mbalimbali zilizotawanywa juu ya meza pana, dereva akitakiwa kukusanya zote za namba 13, zitaonyesha bila maneno mengi kama nusu ya kushoto ya meza imeachwa. Ni kazi anayoijua, katika lugha anayoijua. Wagonjwa wengi wa Shinyanga na Geita wanazungumza Kisukuma nyumbani, na maelekezo yakitolewa kwa Kisukuma baadhi yao huonekana kuwa watu wengine kabisa.

Majaribio ya mezani hayatoshi, kwani humkamata aliye hatarini wazi na kumpitisha aliye mzima wazi, lakini kundi kubwa hubaki katikati. Hao hupimwa barabarani. Gari linalofaa ni la kufundishia, lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Mwalimu wa udereva hukaa mbele na kulinda usalama. Mtaalamu wa tiba kazi hukaa nyuma na kuandika. Huanza kwenye uwanja wazi, huhamia barabara tulivu, na mwishowe huingia palipo na watu wengi. Kwa mkazi wa Kakola, mtihani wa kweli ni Kahama mjini wakati wa msongamano, bajaji zikichomoza kutoka kila upande. Kinachotazamwa ni kama gari linavutwa polepole kuelekea ukingoni, kama vioo vinatumiwa, kama dereva anapunguza mwendo kabla ya tuta au baada ya kulirukia, na kama anaweza kufuata maelekezo huku akiendelea kuangalia mbele. Zana zote hizi zipo katika mkoa: shule za udereva zipo na barabara ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha na hospitali.

Chini ya ardhi, na juu ya magurudumu mawili

Dereva wa mgodi wa chini kwa chini anahitaji kipimo chake mwenyewe. Huko hakuna mwanga wa jua unaosaidia jicho lililopungua. Dereva hutegemea taa za mtambo na taa za kofia za wenzake. Mtu aliyepoteza jicho moja hupata shida zaidi kukadiria umbali katika mazingira hayo. Magari hupishana katika njia moja kwa kutaarifiana kwa redio. Hapo hoja ya usemi, ambayo juu ya ardhi ni ya pili, huwa ya kwanza. Dereva mwenye afasia, yaani aliyeharibikiwa na uwezo wa lugha kwa sababu ya kiharusi au jeraha la kichwa, anaweza kuliendesha gari dogo la familia yake kwa usalama na bado asifae kushuka mgodini, kwa kuwa akitaja namba isiyo sahihi ya mahali alipo, atakayelipa ni mwingine anayekuja upande wa pili. Kibali cha kuendesha, kwa hiyo, kinapaswa kutaja chombo na mahali. Kuandika tu kwamba fulani anafaa kuendesha ni kuandika nusu ya sentensi.

Kwa waendesha bodaboda mambo huwa ya viungo zaidi, maana kila kiungo kina zamu yake. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, wa kushoto una klachi. Mguu wa kulia una breki ya nyuma, wa kushoto una gia. Aliyevunjika mguu na kuwekewa chuma hurudi kazini mara nyingi mapema kuliko inavyopaswa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu wa kulia walirejea kwenye kasi ya kawaida ya kukanyaga breki ya gari baada ya wiki tisa. Wiki tisa bila kipato ni muda mrefu kwa mtu anayelipa pikipiki ya mkataba, na daktari anayeitaja idadi hiyo bila kumuuliza mgonjwa atakula nini hapaswi kushangaa akimkuta kijiweni wiki ya nne.

Aliyekatwa mguu hana sababu ya kukata tamaa ya barabara. Moshi, jirani na KCMC, kipo chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi. Lakini mguu bandia hauna hisia, na anayeuweka juu ya breki hawezi kujua ameibonyeza kwa kiasi gani bila kutazama. Ndiyo maana ushauri wa tiba kazi mara nyingi ni kubadili chombo badala ya kumlazimisha mtu. Bajaji inafaa sana kwa hili. Mafuta yake yako mkono wa kulia, klachi na gia viko mkono wa kushoto. Mguu una kazi moja tu, breki, na fundi hodari anaweza kuihamishia kwenye mkono wa chuma. Dar es Salaam wapo madereva wenye ulemavu wa miguu ambao wamekuwa wakiendesha bajaji za namna hiyo na kulea familia zao. Hakuna sababu ya kitabibu kwa nini Kahama isiwe nao wengi, mradi breki hiyo ipimwe ikiwa imebeba abiria, na si ikiwa tupu mbele ya gereji.

Kifafa ni habari nyingine kabisa, na hakina gereji ya kukirekebisha. Jeraha kubwa la kichwa linaweza kuleta kifafa miezi au hata miaka baada ya kidonda kupona. Uingereza, mwenye kifafa huzuiwa kuendesha gari dogo hadi atimize miezi 12 bila kuanguka, na masharti ya lori na basi ni makali mara nyingi zaidi. Kwa kiharusi, dereva wa gari dogo husubiri angalau mwezi mmoja, wa lori au basi mwaka mzima. Tofauti hiyo kati ya gari dogo na kubwa ina mantiki inayofaa kuigwa: saa nyingi barabarani, uzito mkubwa, watu wengi. Dawa nazo zisisahauliwe. Baadhi ya dawa za kifafa, za maumivu makali na za mzio huleta usingizi, na dereva wa zamu ya usiku huzimeza saa anazohitaji kuwa macho.

Nani alipe, na anayekataliwa aende wapi

Kwa mwajiriwa rasmi aliyeumia kazini mlango upo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, haukuwekwa kwa ajili ya matibabu na malipo ya ulemavu pekee. Utengamao pia umo katika mafao yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Mtaalamu wa tiba kazi anaweza kuzitumia sheria hizi mbili kama spana, kwa kumwonyesha mwajiri kwa maandishi kwamba dereva huyu hawezi tena mtambo wa chini lakini anaweza kazi ya ghala, karakana, au kuwafundisha madereva wapya. Mwenye bodaboda, mchimbaji mdogo na dereva wa mchomoko wako nje ya mlango huo, na ndio wengi. Kwao gharama ya kupimwa hutoka mfukoni mwa ukoo.

Wapo watakaokataliwa, na wataalamu hawapaswi kulificha hilo kwa maneno laini. Kumwambia mzee mwenye heshima zake, aliyewasomesha watoto kwa lori, kwamba asishike tena usukani ni kumwondoa katika nafasi aliyozoea nyumbani kwake. Mazungumzo hayo yanahitaji kiti na muda, pamoja na mtoto mkubwa au kaka ambaye neno lake linasikilizwa. Inasaidia sana mgonjwa akiyaona makosa mwenyewe. Akionyeshwa meza yenye nati zilizobaki upande wa kushoto baada ya kuapa kwamba amezimaliza, hukaa kimya, na kuanzia hapo kazi ya kumshawishi huwa fupi.

Kukataliwa leo, hata hivyo, hakumaanishi kukataliwa daima. Ubongo ulioumia hurejesha uwezo wake kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, na mazoezi ya kugeuza kichwa na kutafuta kwa macho upande uliosahaulika huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Kwa sababu hiyo, karatasi anayotoka nayo hospitalini dereva aliyezuiwa haipaswi kuwa na dawa na tarehe ya kliniki peke yake. Inapaswa kuandikwa pia chombo alichokatazwa, sababu ya katazo, zoezi la kufanya nyumbani, jina la ndugu atakayetunza funguo, na siku atakayorudi kupimwa tena, kwa mfano baada ya miezi mitatu.